Sura ya 6: Naweza Kubadilisha Filta ya Mafuta Mwenyewe, Hapa Nyumbani?

Gari limeanza kukosa nguvu. Mekanika amelisikiliza, akasema ni filta ya mafuta, akataja bei. Jirani naye, akiwa ameegemea ukuta, akadakia kwamba hiyo ni kazi ya nusu saa na spana mbili, pesa za nini? Ndipo swali huzuka, na kila aliyenunua gari lake la kwanza huliuliza: kweli siwezi kuifanya mwenyewe?

Jirani hakudanganya. Kwa magari mengi ya miaka ya 1990, kazi yenyewe ni ya nusu saa, na spana mbili zinakaribia kutosha. Alichoacha kutaja ni mahali. Vitabu vingi vya kutengeneza gari huandikiwa mtu mwenye gereji yake kando ya nyumba, sakafu ya saruji, mlango mpana unaofunguka kwenye uwanja mtupu. Mtu wa Kawangware, hapa Nairobi, analaza gari ndani ya ploti, vyumba vya kupanga pande zote mbili, kamba za nguo juu, na hatua chache kutoka kwenye bampa kuna mama anayekaanga mandazi. Kibera, sehemu kama Gatwekera au Laini Saba, gari halifiki hata mlangoni; linaachwa barabarani, na barabarani ndiko kuna mchoma mahindi, fundi wa kuchomelea mageti na kibanda cha chipsi.

Kwa hiyo sura hii itaeleza habari za spana, lakini itakaa zaidi kwenye jiko.

Filta inafanya nini

Filta ya mafuta ni chujio, kama lile la chai, ila matundu yake hayaonekani kwa macho. Ndani ya kopo mna karatasi maalumu iliyokunjwa mikunjo mingi. Mafuta yakitoka kwenye tenki hupita humo kabla ya kufika kwenye injini. Wataalamu hupima matundu hayo kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Filta nyingi za petroli huzuia chembe za maikroni 10 au zaidi kidogo, na za dizeli huzuia ndogo kuliko hizo. Ukali huo ni kwa ajili ya nozeli, ile midomo myembamba inayonyunyiza mafuta ndani ya injini. Nozeli ikiziba, gharama yake haifanani na ya filta hata kidogo.

Uchafu unatoka wapi? Tenki la chuma likizeeka huota kutu. Vumbi huingia mfuniko unapofunguliwa. Maji hupatikana hata bila mvua, kwa sababu hewa iliyo ndani ya tenki tupu huwa na unyevu, na usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone. Jerikeni nazo huleta uchafu wake. Aprili 2022 mafuta yalipoadimika nchini Kenya, watu walipanga foleni wakiwa na mitungi ya kila namna, na mtungi uliokuwa wa mafuta ya kupikia hauwi safi kwa kusuuzwa mara moja.

Kuna na ile desturi ya kutia mafuta ya mia tano. Simlaumu mtu. Septemba 2023 mamlaka ya kusimamia bei ya nishati, EPRA, ilipotangaza petroli ya Nairobi kuwa shilingi 211.64 kwa lita, noti ya mia tano ilinunua lita mbili na kidogo. Lakini gari linaloendeshwa siku zote taa ya mafuta ikiwaka huwa na nafasi kubwa ya hewa ndani ya tenki, na maji hupata pa kukaa. Isitoshe, kwenye magari mengi ya sasa pampu imo ndani ya tenki na inapozwa na petroli yenyewe. Petroli ikiwa chini kila wakati, pampu huungua mapema. Watu wengi hubadilisha filta mara mbili kabla ya kugundua kwamba kilichochoka ni pampu.

Jambo moja filta haiwezi kabisa: kutenga mafuta yaliyochanganywa. Mafuta ya taa yakitiwa kwenye dizeli huyeyukiana nayo na kupita kwenye karatasi bila kusimama. Mchezo huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba Septemba 2018 serikali ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya kuchanganya iishe. Mchezo ukapungua kweli, lakini aliyelipa ni mama wa Kibera mwenye jiko la utambi, ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki. Basi usiilaumu filta kwa makosa ya aliyekuuzia mafuta.

Kwanza hakikisha ni filta

Filta iliyoziba hujitambulisha pale injini inapotaka mafuta mengi. Gari linakwenda vizuri mjini, lakini ukirudi kutoka Mai Mahiu ukapanda ule mlima mrefu, linavuta kwa shida, linakata, ukiachilia mafuta linatulia. Asubuhi linawaka baada ya kuzungushwa mara nyingi. Hatimaye linazimika barabarani, unangoja kidogo, linawaka tena.

Shida ni kwamba plagi zilizochakaa, filta ya hewa iliyojaa vumbi na pampu iliyochoka huleta dalili zizo hizo. Anza na za bei nafuu zisizo na hatari: fungua filta ya hewa uitazame kwenye jua, kisha plagi. Halafu keti ndani ya gari kimya, zungusha ufunguo bila kuwasha injini, usikilize kiti cha nyuma. Katika magari mengi pampu hulia sekunde mbili hivi kisha hunyamaza. Sauti ikiwa ya kukwaruza, uliza habari za pampu kwanza. (Toyota nyingi za zamani hazilii mpaka starta izunguke, kwa hiyo ukimya peke yake si ushahidi.)

Kuhusu muda, watengenezaji wengi hutaja kilomita 20,000 hadi 40,000 kwa filta ya dizeli. Za petroli hukaa zaidi, na zile za ndani ya tenki baadhi ya watengenezaji hawazipangii muda wowote. Kijitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Usikubali filta ya petroli ipulizwe. Utasikia mara nyingi: "Hii bado iko poa mkubwa, niipige upepo tu." Upepo wa kompresa hupasua mikunjo ya karatasi, na uchafu uliokuwa umekamatwa hupata njia ya kwenda kwenye nozeli. Filta ya hewa hupulizwa. Ya mafuta hutupwa.

Yako iko wapi?

Hapa ndipo uamuzi wako ulipo, kwa hiyo tazama kabla ya kununua chochote.

Aina ya kwanza iko nje: kopo la ukubwa wa ngumi, chini ya boneti karibu na ukuta wa injini, au chini ya gari ukifuata paipu kutoka kwenye tenki. Corolla nyingi za miaka ya 1990, kama zile tunazoziita AE 100, ziko hivi. Hii unaweza kuibadilisha mwenyewe.

Aina ya pili imo ndani ya tenki, imeshikana na pampu. Vitz, Probox, Fielder na magari mengi yaliyotoka Japani baada ya mwaka 2000 yako hivi. Ili kuifikia, unanyanyua kiti cha nyuma, unafungua kifuniko, na tenki zima linabaki wazi ndani ya gari. Mvuke wote wa tenki unaingia kwenye chumba cha abiria. Kauli yangu ni fupi: usifanye nyumbani. Si kwa sababu huna akili ya kuifanya, bali kwa sababu kosa dogo hapo halina pa kukimbilia.

Aina ya tatu ni ya dizeli, nayo ina sehemu yake mbele.

Kwa ufupi: filta ya petroli iliyo nje, ndiyo. Iliyo ndani ya tenki, mwachie fundi. Ya dizeli, ndiyo, kwa masharti.

Petroli haiwaki, kinachowaka ni mvuke

Watu wanaopika kwa mafuta ya taa kila siku huidharau petroli. Wamezoea mafuta ambayo ukiyamwaga sakafuni hayana haraka, unatafuta kitambaa, unapangusa. Ila mafuta ya taa lazima yapate joto la nyuzi 38 au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba Nairobi, Julai au Januari, usiku au mchana, petroli iliyo wazi huwa tayari kuwaka wakati wowote.

La pili ni uzito. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu au nne. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, unafuata mteremko, unaingia kwenye mtaro, unapita chini ya mlango. Unaweza kumwaga kikombe kimoja hapa, ukapangusa, ukadhani yamekwisha, kumbe mvuke umeshuka hadi jiko la makaa lililo mita kadhaa bondeni. Moto huanzia huko, ukarudi mbio kwa njia ileile mpaka ulipo wewe. Na mvuke hauhitaji kuwa mwingi. Ukifika sehemu moja na nusu tu katika kila mia ya hewa, unashika.

Nairobi ina kumbukumbu ya jambo hili. Jumatatu, 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba la Kenya Pipeline katika mtaa wa Sinai, Mukuru, ikaingia kwenye mtaro. Watu walikwenda kuiteka kwa ndoo. Moto ulipotokea ulifuata mtaro hadi Mto Ngong, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mto huo huanzia huku kwetu magharibi: maji ya Mto Motoine huingia Bwawa la Nairobi, ukingoni mwa Kibera, na yakitoka hapo ndiyo Mto Ngong unaokwenda Mukuru. Miaka miwili kabla, 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan karibu na Molo, na huko nako waliokufa walizidi 100.

Utasema hiyo ilikuwa petroli ya bomba na ya lori, filta yako ina kikombe kimoja. Kweli. Lakini kikombe kimoja kikigeuka mvuke ndani ya ploti yenye paa za mabati zinazokaribia kugusana, kinatosha kuchoma chumba, na Kibera chumba kimoja hakiungui peke yake. Gari la zimamoto halipiti kwenye vichochoro hivyo.

Mahali na saa

Sharti la kwanza basi ni kulitoa gari kwenye ploti. Tafuta uwanja wazi, usio na kibanda chochote ndani ya mita 15, na gari lisimame bondeni mwa majiko yote badala ya juu yake. Tazama mitaro, na usisimame kando ya mtaro unaoelekea kwenye nyumba. Tazama juu pia. Penye nyaya za umeme za kuunganishwa kienyeji pana cheche. Fundi wa kuchomelea aliye karibu ni sababu tosha ya kuhama. Uwanja wa kituo cha mafuta haufai. Ukikosa mahali, gereji za wazi za kando ya barabara ya Naivasha au barabara ya Ngong zina fundi ambaye huenda akakukubalia kutumia nafasi yake kwa pesa kidogo.

Saa nne asubuhi ni wakati mzuri: mandazi ya asubuhi yamekwisha, ya jioni hayajaanza, na jua linatosha usihitaji taa. Injini iwe imelala saa kadhaa, kwa sababu bomba la moshi lenye joto linaweza kuwasha petroli bila cheche. Usifanye usiku. Taa ya waya yenye balbu ya kioo ikidondokewa na petroli hupasuka, na hapo hakuna la kusimulia.

Ukiona jiko karibu, sema na mwenyewe, kwa adabu na kwa ukweli: "Samahani mama, nafungua petroli ya gari hapa. Nakuomba usiwashe jiko mpaka nikwambie. Ni kama saa moja hivi." Wengi hukubali, na wengi watakusaidia kufukuza watoto. Mvuta sigara naye aambiwe wazi. Watu hubishana sana juu ya simu, lakini simu ni hofu ndogo hapo. Cha kuogopa ni waya wa betri, ambao hutoa cheche unayoiona kwa macho.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Filta inunuliwe kwa namba ya chesisi au kwa kuonyesha picha ya ile ya zamani. Wengi hushuka mjini hadi Kirinyaga Road, ambayo bado tunaiita Grogan. Bandia ni nyingi. Ishike mkononi, tazama mishono ya kopo, tazama kama mshale wa kuonyesha mafuta yanakoelekea umepigwa vizuri, na kama midomo imezibwa kwa vifuniko. Nyepesi kupita kiasi, rudisha.

Vingine ni hivi:

- kizimamoto cha poda, kilo moja au zaidi, na ndoo ya mchanga mkavu;
- miwani ya kukinga macho na glavu;
- spana mbili zinazotosha nati zako sawasawa, kwa Toyota za zamani mara nyingi ni kati ya 14, 17 na 19;
- washa mpya za shaba au klipu mpya, kulingana na gari;
- beseni la chuma, na chombo cha kuhifadhia petroli chenye mfuniko;
- vitambaa vya pamba vingi.

Chupa ya soda isiwepo kabisa kwenye orodha yako. Mitaani kwetu mafuta ya taa huuzwa na kuwekwa kwenye chupa kama hizo, na mtoto mwenye kiu hasomi.

Kama mpira wa mafuta umepasuka, nunua mpira maalumu wa petroli ya presha. Nimeona magari yaliyofungwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na mengine mpira wa maji wa kupitisha mwanga. Petroli huvimbisha tyubu na kukausha ule wa plastiki; vyote viwili hufanya kazi wiki chache, kisha huvuja juu ya injini yenye moto.

Kutoa presha

Hatua hii ndiyo jirani hakuitaja, na ndiyo inayomrushia mtu petroli machoni. Geji ya upepo unapojaza tairi husoma 30 hivi. Mafuta ndani ya paipu ya gari la petroli la nozeli huwa na presha ya 45 hivi kwa kipimo hichohicho, na hubaki nayo hata gari likiwa limezimwa. (Gari la kabureta, lile la zamani linalochanganya mafuta na hewa bila nozeli, lina presha ndogo sana.)

Ufunguo ukiwa umezimwa, nyanyua kiti cha nyuma uchomoe plagi ya waya wa pampu, au utoe riale ya pampu, kile kisanduku kidogo kinachoipa pampu umeme. Usichomoe fyuzi iliyoandikwa EFI ukidhani ni ile ile. Mara nyingi hiyo huzima na kompyuta ya injini, gari linazimika papo hapo, na presha inabaki yote kwenye paipu. Baada ya kuikata pampu, washa gari. Litanguruma kidogo, likohoe, lizimike. Zungusha starta tena sekunde tatu. Fungua mfuniko wa tenki mara moja hewa itoke, ufunge.

Sasa ondoa waya hasi wa betri, ule wenye alama ya kutoa, uuweke mbali usirudi kugusa. Waya huo hutoka kabla petroli yoyote haijamwagika, na utarudishwa baada ya petroli yote kupanguswa na kukauka. Usiubadilishe mpangilio huu kwa haraka yoyote ile.

Kufungua na kufunga

Weka beseni chini ya filta. Funika nati kwa kitambaa, kisha ilegeze polepole, kwa sababu hata baada ya yote hayo kidogo kitatoka. Spana moja ishike filta isizunguke, nyingine ifungue nati. Ukitumia moja tu, utalipinda paipu la chuma, na paipu lililopindwa hupasuka siku nyingine kabisa, ukiwa barabarani. Ikiwa nati imekataa, nyunyiza mafuta ya kulegeza na ungoje. Usiipashe moto. Naandika hivyo kwa sababu kuna watu hupasha.

Filta ya zamani itatoka ikiwa na petroli ndani. Imwagie kwenye beseni, na ukitaka kujua kama ulikuwa umekisia vizuri, imwage kwa upande ilikoingilia: petroli safi huwa na rangi ya njano hafifu, ya filta iliyoziba hutoka kama chai ya rangi, na chini hubaki unga wa kutu.

Mpya iingie mshale ukielekea injini. Washa za shaba ziwe mpya, maana za zamani zimekwisha kubanwa na hazizibi tena. Anza nati zote kwa vidole mpaka zikae sawa ndipo uchukue spana. Kaza, lakini usikaze kama nati ya gurudumu.

Pangusa kila tone, peleka vitambaa mbali, ngoja mpaka harufu iishe. Rudisha plagi ya pampu, kisha waya wa betri mwisho. Zungusha ufunguo bila kuwasha mara tatu, ukipumzika kati, halafu washa. Usishangae likizunguka zaidi ya kawaida. Injini ikiwa inanguruma, pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa hata kidogo, zima hapo hapo. Rudia ukaguzi huo baada ya kuendesha kilomita chache.

Kwa ufupi: presha itoke, betri itoke, ndipo petroli ifunguliwe. Petroli ikauke, ndipo betri irudi.

Ya dizeli

Dizeli haiwaki kwa urahisi huo, kwa hiyo wenye HiAce na pikapu wana unafuu. Filta yao kwa kawaida ina koki chini ya kutolea maji, na juu yake pampu ya mkono. Maji hukaa chini ya dizeli. Legeza koki, yatoke, mpaka utoke mkondo wa dizeli tupu, ufunge. Ukifunga filta mpya, hewa imeingia kwenye paipu na gari halitawaka. Legeza skrubu ya kutolea hewa, bonyeza pampu ya mkono mpaka povu liishe, funga, endelea kubonyeza mpaka iwe ngumu.

Mpaka wako unaishia hapo. Mapaipu ya chuma yanayotoka kwenye pampu kuu kwenda kwenye nozeli usiyaguse kwenye dizeli za kisasa. Presha humo, kwa ile geji ya tairi, ingesoma 15,000 na zaidi. Tundu dogo la sindano hupenyeza dizeli chini ya ngozi, na alama yake huonekana kama mchubuko usiouma. Ikikutokea, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama unajisikia mzima.

Petroli iliyobaki

Ndani ya beseni una kikombe cha petroli chafu, na kwa bei za leo mtu atakiomba. Mtu wa kwanza atataka kuongezea kwenye jiko la mafuta ya taa. Mkatalie kabisa. Jiko la utambi lililotiwa petroli hulipuka, na uchanganyaji mdogo tu unatosha. Mtu wa pili atataka kuoshea mikono au vyuma. Petroli hupenya kwenye ngozi, na mikono iliyooshwa nayo haifai kukaribia kiberiti. Usiimwage mtaroni pia. Umeshajua mitaro yetu inaelekea wapi. Ifunge kwenye chombo chake na uipeleke kwenye gereji inayokusanya mafuta machafu. Filta kuukuu iachwe uwanjani, mdomo chini juu ya mchanga, mpaka ikauke kabisa.

Na asiwepo mtu wa kunyonya petroli kwa mdomo na mpira, hata kama amefanya hivyo miaka ishirini. Tone likiingia mapafuni huleta homa ya mapafu isiyo na mdudu. Aliyemeza asitapishwe, maana kutapika ndiko kunakoipeleka mapafuni. Apelekwe hospitali.

Moto ukitokea

Usimwage maji, petroli huelea juu yake na kusambaa. Tumia poda au mchanga, ukielekeza kwenye shina la moto, ukiwa upande upepo unakotokea. Kizimamoto cha kilo moja huisha kwa sekunde chache tu. Kikiisha moto haujazimika, liache gari. Piga kelele watu watoke, piga 999 au 112. Nguo zikilowa petroli, zivue kabla ya kitu kingine chochote. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya bomba dakika 20, bila dawa ya meno, bila yai, bila mafuta ya kupikia, kisha afikishwe hospitali ya Mbagathi au Kenyatta.

Ukiwa umesoma mpaka hapa na bado hujui utalipeleka gari uwanja gani, usinunue filta kwanza. Bila mahali pa wazi, kazi hii si yako, hata uwe na spana za dhahabu. Mlipe fundi, na kabla hajagusa nati, mwambie naye asogeze gari mbali na jiko.